Viazi Vyetu Vinaitwaje Huko?

"Hakuna kilichopatikana." Mpwa wangu alinigeuzia simu nijisomee mwenyewe, kana kwamba nisingemwamini. Tulikuwa Keringet, Kenya, jikoni kwa mama yake, wifi yangu, asubuhi ya Julai, msimu ambao ukungu hushuka kutoka upande wa msitu wa Mau na kulalia majani chai hadi saa nne. Mama mtu alikuwa ametoka shambani na mashina matatu ya viazi. Majani yalikuwa yamelegea kama yaliyomwagiwa maji moto, ilhali mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Alichukua kiazi kimoja akakipasua kwa kisu. Ndani kulikuwa na duara la kahawia, na alipokibana kidogo, ute mweupe ukachuruzika.

"Ni ule ule wa mwaka jana," alisema, akavitupa mbali na ng'ombe.

Binti yake anasomea shahada ya uzamili ya kilimo. Chuo chake sitakitaja, maana ninayotaka kuyasimulia yangeweza kumkuta mwanafunzi wa chuo chochote. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba utafiti wake utakuwa juu ya ugonjwa huo huo uliokuwa mezani. Kwa hiyo alifungua katalogi ya maktaba ya chuo kwenye simu na kuandika maneno aliyoyasikia kwa mama yake tangu utotoni: mnyauko wa viazi. Hakuna kilichopatikana. Akajaribu "viazi kunyauka". Hakuna. Akajaribu "ugonjwa wa viazi". Hakuna.

"Shangazi," aliniambia, "inaonekana hakuna mtu ameandika juu ya hii kitu."

Nimeishi na sentensi hiyo kwa muda mrefu. Ugonjwa aliokuwa akiutafuta umeandikwa kwa zaidi ya miaka 100, katika mabara yote yanayolima viazi. Mashine ilimwambia jambo dogo tu, kwamba herufi hizo kwa mpangilio huo hazimo katika orodha yake. Yeye alisikia jambo kubwa mno: kwamba shida ya shamba la mama yake haijawahi kumshughulisha mtu yeyote msomi. Msichana mwenye akili timamu alikuwa karibu kubadilisha mada ya utafiti kwa sababu ya kutoelewana huko.

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima tujue kwanza katalogi husoma nini. Wengi wetu tumezoea kutafuta kwenye intaneti, ambako kisanduku hupekua maandishi yenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Katalogi ya maktaba haifanyi hivyo. Haijawahi kufungua kitabu hata kimoja. Inachosoma ni rekodi fupi iliyoandikwa na mkutubi siku kitabu kilipoingia: jina la mwandishi, kichwa cha kitabu, mchapishaji, mwaka, mada mbili tatu, na namba inayoonyesha rafu. Rekodi hiyo ni mtoto wa kadi. Mwaka 1876 mkutubi wa Marekani Charles Cutter alichapisha kanuni zilizosema kwamba katalogi imsaidie mtu kupata kitabu ikiwa anamjua mwandishi, au anakijua kichwa, au anaijua mada. Katika miaka ya 1960 Henriette Avram, mwanaprogramu wa Maktaba ya Bunge la Marekani, aliongoza kazi ya kuipanga kadi hiyo upya ili kompyuta iweze kuisoma, na muundo wake, MARC, ndio ambao maktaba nyingi za vyuo duniani zinautumia mpaka leo. Programu zinazouonyesha muundo huo kwa msomaji zimebadilika mara nyingi. Koha, kwa mfano, ambayo imeenea katika vyuo vya Afrika kwa kuwa haina ada ya leseni, ilitengenezwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za wilaya moja ndogo, ikaanza kazi mwanzoni mwa mwaka 2000. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Lakini chini ya programu yoyote ile imelala kadi ile ile. Binti aliyekaa jikoni Keringet alikuwa anazungumza na sanduku la kadi bila kuambiwa.

Na kadi huwa na lugha yake. Anayeorodhesha vitabu hachagui maneno ya mada kwa kujipendea. Huyachukua kutoka orodha iliyokubaliwa, na orodha inayotumika zaidi ni ile ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ya Kiingereza. Humo, vitabu kuhusu janga la shamba la wifi yangu hukaa chini ya "Potatoes", kisha kistari, kisha "Diseases and pests". Hata rafu zenyewe zimegawana mwili wa mmea. Maktaba inayofuata mpangilio huo itaweka kilimo cha viazi kwenye SB211, na maradhi ya viazi kwenye SB608, mbali kabisa. Mkulima hana mashamba mawili hivyo. Kwake kupanda na kuugua hutokea kwenye tuta moja.

Nilimwambia mpwa wangu aandike neno "potato" peke yake. Orodha ikamwagika, vitabu vya mapishi vikichanganyika na vya biashara, na katikati yake ripoti za zamani za utafiti. Alisogeza kidole mpaka akachoka. Hapo ndipo msomaji anapokwama mara ya pili: akiandika maneno ya nyumbani hapati kitu, akiandika neno pana la Kiingereza anafurikwa.

Kilichomvusha ni jina la kitaalamu la ugonjwa, lakini hata hilo lina vituko vyake. Erwin Smith, mtaalamu wa Marekani wa magonjwa ya mimea, alimweleza bakteria huyu mwaka 1896 akamwita Bacillus solanacearum. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wataalamu walimwita Pseudomonas solanacearum. Mwaka 1992 akahamishiwa kwenye jenasi ya Burkholderia. Mwaka 1995 likapendekezwa jina la Ralstonia, ambalo ndilo lililomkaa hadi leo. Kwa Kiingereza cha shambani ugonjwa huitwa "bacterial wilt", lakini ukishambulia viazi huitwa pia "brown rot". Fikiria maana yake kwa anayetafuta. Akiandika Ralstonia, jina sahihi alilofundishwa darasani, anapata vya karibuni. Kitabu cha miaka ya 1970 au ya 1980, wakati utafiti mwingi wa viazi wa nyanda zetu za juu ulipokuwa ukiandikwa, hakimjui Ralstonia. Kilichapishwa kabla jina hilo halijazaliwa. Bakteria ni yule yule, ute ni ule ule aliouona kwenye kisu cha mama yake. Ila lazima mtu amwambie mwanafunzi kwamba atafute kwa jina la babu pia.

Tulichukua daftari la kuandikia maziwa ya kila siku, tukafungua ukurasa wa nyuma, tukaanza kuorodhesha. Mama mtu akasimama mlangoni akiongeza yake: kunyauka, mnyauko, ule wa ute. Binti akaongeza ya darasani. Mimi nikakumbuka kwamba hata kiazi chenyewe hakina jina moja: ni viazi tu kwetu, waru kwa majirani zetu Wakikuyu na katika Kiswahili cha mitaani, mbatata au viazi ulaya katika kamusi, viazi mviringo ukivuka kwenda Tanzania.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1987 George Furnas na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu waliombwa kutaja jina la kitu kimoja. Uwezekano wa watu wawili kuchagua neno moja ulikuwa chini ya asilimia 20. Na hao walikuwa watu wa lugha moja, nchi moja. Sasa weka upande mmoja mama wa Kikipsigis anayezungumza na bintiye kwa Kiswahili, na upande wa pili mtu aliyepanga orodha ya mada Washington. Anayeshindwa kukutana na kitabu katika hali hiyo hana kosa lolote, na natamani kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aambiwe hivyo siku ya kwanza anapoonyeshwa maktaba, kabla hata ya kuonyeshwa vyoo.

Kuna kikwazo kingine ambacho sijaona kikizungumzwa vya kutosha, nacho kimo ndani ya Kiswahili chenyewe. Kiingereza hubadilika mkiani. "Farm", "farms", "farmer", "farming": mwanzo ni ule ule, kwa hiyo katalogi nyingi humruhusu msomaji aandike mwanzo wa neno na kuweka nyota, na familia yote inaitika. Mwaka 1980 Martin Porter wa Cambridge alichapisha kanuni za kuikata miisho ya maneno ya Kiingereza, na mashine nyingi za kutafuta zimejengwa juu ya wazo hilo. Kiswahili hubadilika kichwani pia. Lima, mkulima, wakulima, kilimo, ukulima: kinachoyaunganisha kimejificha katikati ya neno, na nyota ya mwishoni haikifikii. Anayetafuta "ugonjwa" hakutani na kitabu chenye "magonjwa" kwenye kichwa chake. Anayetafuta "mwalimu" anawakosa "walimu". Nyota ya mbele ya neno, katalogi nyingi huikataa.

Mtu anaweza kudhani basi kwamba lugha yetu ni ngumu mno kwa mashine. Si kweli. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kutengeneza programu inayochambua maneno ya Kiswahili, kiambishi kwa kiambishi, na inafanya hivyo kwa ustadi. Ujuzi upo tangu kabla mpwa wangu hajazaliwa. Haujaletwa tu kwenye kisanduku anachokitumia, na katika nchi ambako Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa katiba ya 2010, mimi naona hilo ni deni.

Viazi vina uzito wake, lakini kuna utafutaji unaogusa ndani zaidi. Jioni ile, kazi ya ugonjwa ilipotulia, mpwa wangu aliandika kwenye katalogi neno moja tu: Keringet. Nadhani kila mtu hufanya hivyo siku moja, huandika jina la kwao kuona kama linajulikana. Kwenye intaneti ukiandika Keringet utapata maji ya chupa yaliyobeba jina hilo, na utampata Faith Kipyegon, bingwa wa mita 1,500, aliyesoma sekondari hapa hapa. Kwenye katalogi hakupata kitu. Akaandika Olenguruone, mji wa jirani, na humo pia hakuona kitu.

Hilo lilinichoma, kwa sababu Olenguruone imeandikwa, tena sana. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwaweka hapo Wakikuyu waliokuwa wameondolewa kwenye mashamba ya walowezi na kwingineko, ikawawekea masharti ya kulima, nao wakayakataa. Wakala kiapo cha umoja. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, nyumba na mimea yao ikiharibiwa, wengine wakapelekwa Yatta. Wanahistoria wanakihesabu kiapo kile miongoni mwa mizizi ya Mau Mau. Tabitha Kanogo amelieleza jambo hili kwa kina katika kitabu chake cha 1987, "Squatters and the Roots of Mau Mau". Lakini tazama kichwa hicho. Olenguruone haimo. Ikiwa aliyekiorodhesha hakuongeza yaliyomo, kadi yake itazungumza juu ya maskwota, Mau Mau na Kenya, na mtoto aliyekulia umbali wa safari ya boda boda kutoka mahali pale atapita mbele ya rafu bila kujua kwamba kwao kumo humo ndani.

Kwa Waogiek, ambao msitu wa Mau ndio nyumbani kwao na ambao wako hapa Kuresoi Kusini, hali ni chungu zaidi. Andika "Ogiek" na pengine utapata maandiko ya sheria, kwa kuwa tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao. Lakini Corinne Kratz, aliyeandika mwaka 1994 juu ya sherehe za unyago za wanawake wao, aliandika "Okiek", kwa k. Na wataalamu wa enzi ya ukoloni kama G.W.B. Huntingford waliandika "Dorobo", neno lililotoka kwa Wamaasai, la kumtaja mtu asiye na ng'ombe, yaani maskini. Kijana wa Kiogiek anayetaka kusoma jinsi babu zake walivyogawana misitu ya asali analazimika kuandika kwa vidole vyake mwenyewe jina la kudharauliwa, la sivyo mlango haufunguki. Wakipsigis nao wana lao: nyaraka za kikoloni ziliwaita Lumbwa, jina lililobandikwa hata kwenye stesheni ya reli ambayo leo ni Kipkelion. Asiyelijua neno hilo huyakosa maandishi mengi ya mapema ya karne ya 20.

Majina ya watu hayana nafuu. Ngũgĩ wa Thiong'o ana alama juu ya herufi mbili na ritifaa katikati ya jina, na katalogi nyingine huhesabu alama hizo kuwa herufi tofauti. Riwaya yake ya kwanza, ya 1964, ilitoka akiitwa James Ngugi. Taaitta Toweett, mwanaisimu na waziri wa zamani aliyeandika juu ya Wakipsigis na lugha za Kikalenjin, ana jina ambalo ukilisikia tu redioni huwezi kukisia herufi ngapi zimerudiwa.

Kuna dawa ya haya, nayo ni kongwe kuliko kompyuta. Kwenye masanduku ya kadi, wakutubi waliweka kadi zisizo na kitabu chochote, zilizosema tu: tazama. Dorobo, tazama Okiek. James Ngugi, tazama Ngũgĩ wa Thiong'o. Kadi moja ya namna hiyo ilikuwa kama mzee anayesimama njia panda na kukuelekeza. Katalogi za leo zina nafasi ya kufanya hivyo, kwa majina ya watu na kwa mada, na hakuna sheria inayomzuia mkutubi wa Kenya kuandika "mnyauko wa viazi, tazama" na kuendelea. Kinachohitajika ni mtu mwenye saa za kazi kwa jambo hilo, na vyuo vyetu huajiri wachache mno katika chumba cha kuorodhesha. Ukitembea Njoro, kwenye Chuo Kikuu cha Egerton kilichoanzishwa 1939 kama shule ya kufunzia walowezi kilimo, kikawa chuo cha kilimo mwaka 1950 na chuo kikuu 1987, unatembea juu ya zaidi ya miaka 80 ya maarifa kuhusu udongo huu wa Bonde la Ufa. Maarifa ya namna hiyo yanastahili kuelekezwa kwa majina ambayo wenye udongo wanayatumia.

Nirudi kwa mpwa wangu. Wiki iliyofuata alienda chuoni, matatu hadi Molo na nyingine mbele, daftari la maziwa mkononi. Kitabu kimoja ambacho katalogi ilisema kipo hakikuwepo kwenye rafu. Hili humpata kila mtu: katalogi hujua kwamba kitabu hakijaazimwa, haijui kwamba kimerudishwa mahali pasipo pake. Alitumia saa nzima akipekua, na nauli ilikuwa ya kuhesabiwa. Kisha akagundua kwamba nusu ya alichokitaka hakimo kwenye katalogi kabisa. Makala za majarida zilikuwa kwenye dirisha jingine lenye nywila yake, kwa usajili ambao vyuo vya Kenya hulipia kwa pamoja kupitia muungano wao wa maktaba, KLISC. Tasnifu za wanafunzi waliomtangulia zilikuwa kwenye dirisha la tatu. Hakuna aliyemwambia kwamba madirisha ni matatu. Alikuwa akipiga hodi kwenye moja na kudhani nyumba haina mtu.

Aliyemwambia hatimaye ni mkutubi wa zamu, mama mtu mzima, aliyesogeza kiti akaketi karibu naye. Hakumfundisha jinsi ya kutumia mashine. Alimuuliza: "Nyumbani mnauitaje?" Kisha akamuuliza walimu wanauitaje, kisha akamwuliza kama anajua uliitwaje zamani. Mpwa wangu akafungua daftari. Walipitia orodha nzima, neno kwa neno, dirisha kwa dirisha. Christine Borgman, mtafiti wa Marekani, aliandika mwaka 1986 makala iliyouliza kwa nini katalogi za kompyuta ni ngumu kutumia, na mwaka 1996 akaandika nyingine iliyouliza kwa nini bado ni ngumu. Mwanamke yule alikuwa analijibu swali hilo kwa kiti kimoja na dakika 40.

Tasnifu ilikamilika mwaka uliopita. Siku ya kuiwasilisha kwenye hazina ya chuo, mpwa wangu alinipigia simu kutoka kwenye saiba. Fomu ilikuwa na nafasi ya maneno ambayo wengine watayatumia kuitafuta kazi yake. Alikuwa ameandika Ralstonia solanacearum. Alikuwa ameandika "bacterial wilt" na "potato", na jina la zamani la Pseudomonas pia. Nafasi zilikuwa bado mbili.

"Shangazi, itakubali Kiswahili?" aliuliza.

Nilimsikia akibonyeza herufi moja moja. Mnyauko wa viazi. Halafu akanyamaza kidogo, na kwenye nafasi ya mwisho akaandika Keringet.